Finjani ya Mzee Sleyum

Watu wakisikia kuwa marehemu mume wangu alikuwa mjumbe wa Baraza huko Maskati, macho huwatoka. Nyoo! Azzan alikuwa na Datsun moja iliyochoka na joho moja nililokuwa nikilipiga pasi mie mwenyewe. Ujumbe wenyewe hakuuomba. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzo mwanzo, yeye karani wa afisi ya serikali mjini Izki, huko huko Omani, mtu wa kimya chake. Akatafutwa mtu wa kuisemea Ibra na vijiji vyake, jina lake likatajwa. Tukahamia kijijini kwa baba yake, nje kidogo ya Ibra, ili watu wampate.

Kwa baba yake, si kwake yeye. Azzan kazaliwa Vuga ya Unguja, kakulia Vuga, na Omani kaiona mara ya kwanza mwaka sabini na mbili, mvi zishamwota. Kiarabu alikijua cha vitabuni, na watoto wa kijijini wakimcheka.

Hata wiki haijesha tangu ateuliwe, akaja Mzee Sleyum. Huyu ndiye aliyekuwa wakili wa falaji, yaani mwenye kuuangalia ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, na kumgawia kila mwenye shamba zamu yake. Kaja na mkewe, Mahfoudha, mzaliwa wa Wete, ambaye alipita moja kwa moja jikoni kwangu. Kijiji kizima yeye peke yake ndiye niliyeweza kusengenya naye kwa Kiswahili. Mlango ulikuwa wazi, tukisikia kila neno la sebuleni.

Azzan akamtilia mzee kahawa. Mzee akaipokea finjani, akaiweka chini.

"Yule tajiri Abdullatif kachimba visima vya mashine huko juu," akasema. "Maji ya falaji yanapungua kila mwezi, mitende inaanza kukauka vichwa. Nataka uwaambie wakubwa wavifunge."

Finjani ipo pale pale, haijaguswa. Sasa kwetu Unguja mgeni asipokunywa huwa anaona haya, nawe humhimiza, ndiyo ustaarabu. Azzan akasema kwa upole wake wote, "Kunywa kahawa yako, sheikh wangu, inapoa."

Mzee akainywa kwa funda moja, akainuka, akambusu Azzan kipaji cha uso, akatoka huyo. Mahfoudha akajipiga paja.

"Ghaniya wee, umeolewa na simba au na mwendawazimu?"

"Kwani kafanya nini?"

"Huku mtu mwenye haja hanywi kahawa mpaka akubaliwe. Ukimwambia kunywa, ushasema ndiyo. Mumeo kaahidi!"

Nikamwendea Azzan mbio, nikamwambia. Wallahi sijapata kumuona mwanamume akigeuka rangi vile. Akatia viatu, akamfuata mzee amweleze kuwa hakujua. Akamkuta msikitini, keshawatangazia watu. Wenye mashamba walikuwa wamekwisha kubaliana washuke wenyewe kukizidisha kina kisima mama cha falaji, kile maji yanakoanzia, kabla ya joto kushika. Mzee akawaambia wasijisumbue, mjumbe wetu katoa ahadi. Wakamwombea Azzan dua, wakampa mkono mmoja mmoja, naye kasimama tu, akajibu amin.

Aliporudi nikamuuliza, "Umewaambia?"

"Nitawaambiaje, Ghaniya? Kuwa mie Mwarabu nisiyejua kahawa? Si tayari wanatuita Wazinjibari?"

Sikumshikilia aseme, kwa sababu kweli wakituita hivyo, yaani wageni wa kutoka Zanzibar, na mimi jina lile lilikuwa likinichoma.

Basi ahadi ni deni, akenda Maskati kuilipa. Akasema Barazani mpaka koo likamkauka. Lakini Baraza lile kazi yake ilikuwa kushauri: unashauri, unashukuriwa, unarudi kwenu. Wenzake walimuunga mkono, wengi wao hata kwao falaji zilikuwa zikipungua. Jambo likapelekwa kutazamwa. Kikao cha pili, bado linatazamwa. Nikamwambia, "Lina uzuri gani hilo hata haliishi kutazamwa?" Zamani angecheka.

Na kila Ijumaa baada ya sala, Mzee Sleyum anakuja. Anakaa, anakula tende, anakunywa kahawa, anazungumza habari za mvua, anaondoka. Haulizi! Laiti angeuliza, akagomba, akatukana, Azzan angepumua. Mie nikiwaona wawili wale kupitia mlangoni, nikitamani kupiga kelele.

Mwisho Azzan akaona amwendee Abdullatif mwenyewe. Safari hii alijua la kufanya. Akaiweka finjani chini, akasema haja yake. Abdullatif akamjibu kwa habari za bei ya tende, kisha za harusi ya mwanawe. Kahawa ikapoa. Akaja mtumishi akaiondoa.

Kiangazi cha pili falaji ikakata. Mitende aliyoipanda babu yake Azzan ikasimama mikavu, na watu wakawa wananywa maji yanayoletwa kwa lori. Lori lenyewe likijazwa wapi? Kwa Abdullatif, wapi tena. Muhula wa Azzan ukesha, akateuliwa mwengine. Jioni ile ile akaniambia, "Vaa buibui, twende kwa Mzee."

Mimi nikaingia kwa Mahfoudha, tukakaa nyuma ya pazia. Mzee akamtilia Azzan kahawa. Nikasikia finjani ikiwekwa chini.

"Nimekuja na haja," Azzan akasema. "Nisamehe. Siku ile sikuijua ada yenu. Nilikuhimiza kahawa tu, kama tunavyofanya kwetu. Sikukusudia kuahidi."

Mahfoudha akanishika mkono.

"Nilishuku," Mzee akasema. "Nilikuona uso wako pale msikitini. Kila Ijumaa nikija kwako ili uniambie. Hukusema, nikajua basi ipo njia unayoijua wewe, nikawazuia watu wasichimbe. Ungeniambia Ijumaa ya kwanza tu, Azzan, tungechimba."

 

Nikasikia mzee akimsogezea Azzan finjani. Kisha akasema, "Kunywa kahawa yako. Mimi nikimwambia mtu kunywa, najua nasema nini."

Azzan akainywa, imepoa, ya maji ya lori la Abdullatif. Halafu nikamsikia analia, mume wangu, mbele ya mwanamume mwenzake, na mimi nimekaa nyuma ya pazia na siwezi kumwendea.