Nukta Nyekundu Kwenye Picha ya Kwaya

Mtu anaweza kufukuzwa kwake kwa sababu ya nukta ndogo kuliko punje ya mtama.

Niliona. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Kanisa letu ni la mabati, nyuma ya stage ya matatu ya Kawangware 56, Nairobi. Kwaya ilitaka picha ya kalenda kwa mwanga wa mishumaa, kwa hivyo mchana huo tulifunga mlango na madirisha ya mbao.

Kavoi, mpiga picha wa mtaani, akasimamisha kamera kwa stendi. Akatueleza kwamba itakaa wazi dakika nzima, na atakayetikisika atatoka kama moshi.

Tukakaa kama mawe.

Picha ilitoka poa, isipokuwa kwenye paji la uso la Nasipwondi, mwimbaji niliyekaa kando yake. Hapo palikuwa na nukta nyekundu, inawaka kama kaa la moto.

Akapiga tena. Nukta palepale.

Wiki hiyo tulikuwa tumemzika Geoffrey, mpiga kinanda wetu. Aliamka mzima, jioni akawa maiti. Watu walikuwa bado wanatafuta mchawi wa kulaumu.

Mama Wangoi ni mwenyekiti wa kwaya. Pia ndiye mwenye ploti alikopanga Nasipwondi na watoto wake.

"Hiyo kitu hailali kwa ploti yangu," akasema. "Leo unahama."

"Mama Wangoi, watoto nitawapeleka wapi?"

"Si uko na taa kwa kichwa? Ikuonyeshe njia."

Watu wakacheka.

Kavoi akaingilia. Akasema kamera ikikaa wazi muda mrefu hupata joto, huanza kutoa chenga zake yenyewe, yaani vidoa ambavyo havipo mbele yake, na hiyo nukta ni chenga. Dawa ipo: baada ya picha, kamera hufumba jicho, hupiga giza tupu kwa muda uleule, kisha huondoa kwenye picha chochote ilichokiona gizani. Yeye alikuwa ameizima kwa sababu hufanya kila picha ichukue muda mara mbili, na kwaya ilikuwa na haraka.

"Msiniamini mimi," akasema. "Mtu mwingine akae hapo, muone kama nukta itahama."

Hakuna aliyejitokeza. Mwishowe Mama Wangoi mwenyewe akaenda, anatabasamu. Nasipwondi akasukumwa mwisho wa benchi.

Kavoi akapiga. Nukta ikatua kwenye paji la Mama Wangoi.

Nasipwondi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kilimponza.

"Mmeona?" Mama Wangoi akasema polepole. "Amenirushia. Na anacheka."

Kavoi akabonyeza-bonyeza kamera, akasema moja ya mwisho, sasa na dawa. Tukakaa vilevile, Nasipwondi mwisho wa benchi. Dakika ikaisha.

"Bado," Kavoi akasema. "Sasa inapiga giza. Ngojeni."

Nani angengoja? Kwa kwaya, picha ilikuwa imeshapigwa. Katika dakika hiyo ya pili, waimbaji wawili wa besi walimshika Nasipwondi mikono wakamburuta nje. Kiatu chake kimoja kikabaki kwenye kizingiti. Mtu akakipiga teke kimfuate, akafunga komeo.

Skrini ya kamera ikawaka. Picha ilikuwa safi, hakuna nukta popote.

"Ameenda nayo," mtu akasema.

"Amina," wakaitikia.

Kavoi akainua kamera juu. "Lakini Nasipwondi yuko hapa ndani ya picha. Si mumwangalie? Yuko hapa."

Mama Wangoi akaanzisha wimbo.

Jioni hiyo godoro la Nasipwondi lilikuwa kando ya mtaro, watoto wamelikalia.

Kalenda ilichapishwa. Imetundikwa kwa kila nyumba ya ile ploti, hata ile aliyofukuzwa. Nasipwondi yuko palepale mwisho wa benchi, paji la uso halina kitu.

Hakuna anayemtazama.

Kama wewe ni mpiga picha, toa chenga kabla mtu hajaona picha. Watu wakishaliona doa, hata usafi wataufanya ushahidi.