Jembe Lililotazama Nyumbani

Nilianza kwa kumwonea haya baba yangu, kisha ndipo nikaja kujionea haya mwenyewe. Haya ya kwanza iliisha kama homa ya watoto. Ya pili ninayo mpaka leo, na uzee haunisaidii kitu, kwa sababu kila ninavyozeeka nazidi kufanana naye, hata namna ya kukohoa.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye sketi ya tetroni na saa ya mkononi. Nilikuwa pia katibu wa vijana katika tawi letu la chama, kazi ambayo sehemu kubwa ilikuwa kuandika majina na kupiga makofi. Mwenye duka mmoja wa Kasulu, mtu wa asili ya pwani, aliwahi kuniambia kwamba Kiswahili changu hakina harufu ya Kiha hata kidogo. Sifa ile niliitembeza mwaka mzima. Darasani niliwafundisha watoto kwamba zamani watu wetu waliishi wametawanyika vilimani kama mbuzi waliokosa mchungaji. Jumanne nilifundisha methali, ikiwamo ile ya mwacha mila ni mtumwa, na Jumatano nikafundisha kwamba mila ndizo zilizotuchelewesha. Hakuna mtoto aliyeuliza. Ningepata mkorofi mmoja tu darasani, pengine ningepona mapema.

Kilima chetu kilikuwa upande wa Nyakitonto, mbali na barabara ya Kibondo, na baba alikuwa mteko wa kilima kile. Mteko hakuwa chifu wala mganga, ingawa maofisa walimwita mganga ili wasijisumbue. Alikuwa mtu wa ardhi. Mgeni akitaka mahali pa kujenga alimletea mtungi wa pombe ya ndizi. Baba alichukua jembe la zamani, lililofuliwa na wahunzi wa kwetu kabla ya majembe ya dukani, akaenda naye hadi mahali penyewe, akagonga udongo mara tatu na kuwasalimu waliolala chini yake. Baada ya hapo mgeni alikuwa mtu wa pale. Baba hakuuliza kabila. Aliuliza kama mtu atapanda mgomba au maharage.

"Maharage ni ya mpita njia," alisema. "Mgomba ni wa mwenyeji."

Ndivyo alivyompokea mjane mmoja aliyekimbia mauaji ya Burundi na watoto watatu. Mjane yule alifika hana hata mtungi. Baba alimwagiza mama atengeneze pombe, kisha akampa mjane aibebe kichwani kupita mbele za watu, ili ionekane ameileta yeye. Mjane akapanda migomba. Kufikia wakati ninaousimulia, migomba yake ilikuwa mizuri kuliko yetu, na alimwita baba yangu baba, ingawa hawakupishana sana umri.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Kilima kizima kilitakiwa kuteremka hadi kando ya barabara kabla ya mvua, kwenye viwanja vilivyopigiwa vigingi katika mistari iliyonyooka. Afisa mmoja alikuja na gari, akaitisha mkutano shuleni, akaeleza habari za zahanati, bomba na shule kubwa. Alieleza vizuri, nami niliyaamini yote. Alipouliza kama kuna maswali, baba alisimama. Alisema kwa Kiha, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Wakati wa mwami, mtawala wetu wa zamani, tulilima shamba lake tukinung'unika," alisema, "na alipoondolewa sikulia. Lakini mwami hakutuambia tulale wapi. Mwingereza aliwahamisha watu wa bondeni kwa sababu ya mbung'o, akasema ni kwa faida yao. Yeye angalau mbung'o wake tulimwona. Safari hii nionyesheni mbung'o."

Watu walicheka sana. Afisa akanigeukia. "Anasemaje, ndugu mwalimu?"

"Anaulizia habari za afya," nikasema.

"Mwambie zahanati imo kwenye mpango."

Baba alingoja kicheko kiishe. "Nchi hii haikuanza siku tulipopandisha bendera," akaendelea. "Bendera naipenda, nimeisimamia mvuani. Lakini serikali ni mgeni mkubwa, na mgeni hata awe mkubwa namna gani huwasalimu wenye nyumba kwanza. Wenye nyumba wengine wako chini ya udongo."

"Ana wasiwasi na makaburi," nikatafsiri.

Afisa alitabasamu. "Mzee huyu mtunzeni," akasema. "Tutampeleka makumbusho."

Nikacheka. Sikutabasamu kwa adabu, nilicheka kwa sauti, na baba alikuwa hatua tano tu kutoka kwangu. Naye Kiswahili alikijua. Alikuwa manamba Tanga, alikata mkonge kwa miaka sita kabla sijazaliwa. Alikuwa akichagua tu ni lini akijue na ni lini asikijue, na siku ile alichagua kukaa chini na kutazama viatu vyangu.

Baada ya mkutano afisa aliniita pembeni. Alisema mimi ni kijana wa kutegemewa, na kwamba zikipita wiki mbili mgambo watapanda kilimani. Maana yake niliijua. Kwenye kilima kingine nyumba zilikuwa zimechomwa moto na watu wakalala nje na mbegu zao. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa moshi wa nyumba zile. Nilisema nilifanya nilichofanya ili kwetu pasichomwe. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka afisa yule arudi akute kilima kimehama, aulize ni nani aliyefanya kazi hii, aonyeshwe mimi.

Sababu ya watu kutohama ilikuwa moja tu, na afisa hakuijua. Kwetu jembe la mteko hutangulia, moto hufuata, watu huwa wa mwisho. Jembe likilazwa mahali papya, watu wanajua pamesalimiwa, pana amani. Jembe la baba lilikuwa bado limechomekwa darini juu ya mlango, na kila aliyepita alichungulia kuliona.

Wiki ile mama aliugua tumbo, akalazwa hospitali ya Kabanga. Baba alikwenda kumuuguza, akabeba unga na blanketi, akaniambia nilinde nyumba. Kesho yake asubuhi nilipanda kigoda, nikalishusha jembe, nikalifunga ndani ya khanga pamoja na madaftari ya wanafunzi. Niliteremka nalo hadi barabarani saa za watu kwenda shamba, nikiwaamkia wote niliokutana nao. Kwenye kiwanja cha kwanza kabisa nikalilaza chini. Namna ya kulilaza niliikumbuka, kwa kuwa niliwahi kumwona baba akifanya hivyo mwaka wa njaa nilipokuwa mdogo: mpini mbele, makali yakitazama kilima chetu. Nikagonga udongo mara tatu. Niliona kichekesho kidogo, mwalimu mzima na saa yake. Nikarudi, nikapitia kisimani, nikamwambia mjane yule kwamba baba ameagiza jembe litangulie.

Sikuhitaji kumwambia mtu wa pili. Waliteremka kuliona, wawili wawili, wakarudi wakizungumza kwa furaha ambayo ilinishangaza. Jioni ile ile wakaanza kufungua mapaa. Nilidhani ni ushindi wangu. Nilishangaa pia kuona walivyobeba vitu vichache. Mitungi mikubwa waliiacha, mizinga waliiacha mitini. Mjane hakung'oa hata chipukizi moja la mgomba.

Baba alirudi siku ya nne. Njiani alikutana na mjane amejitwika mkeka na sufuria, na maneno yao aliyonisimulia mjane mwenyewe baadaye ni haya tu. Mjane alisema, "Tumeliona jembe, baba. Tumefurahi." Baba akajibu, "Vizuri."

Aliponikuta nyumbani alitazama juu ya mlango, kisha akaketi. "Mama yako ameanza kula," akasema. Nikashukuru. Kisha akauliza, "Makali uliyalaza yanatazama wapi?"

"Huku," nikasema. "Kwetu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuona mwaka wa njaa."

"Mwaka wa njaa tulikwenda kuomba shamba la watu kwa msimu mmoja," akasema. "Makali yakitazama nyumbani, maana yake tutarudi. Anayehama moja kwa moja huyalaza yakitazama mbele."

Nikaelewa furaha yao, mitungi na ile mizinga, yote kwa pamoja. Nikasema sikujua.

"Ulijua kuiba," akasema baba. "Kulaza ndiko hukujua."

Hakupaza sauti. Nilimwomba twende tukawaambie ukweli. Aliniuliza ni ukweli upi, kwamba mtoto wa mteko ameiba jembe la baba yake aliyekuwa hospitali, au kwamba hawatarudi, na mapaa yao yamekwisha kushushwa na mgambo wako njiani? Akasema wakijua jembe limekwenda bila mteko, hawataliamini tena hata akilipeleka yeye, na watu wasioamini kitu hata kimoja ni rahisi sana kuwahamisha. Asubuhi alichukua makaa ya jiko letu ndani ya chungu akateremka nayo. Hivyo tulihama kwa utaratibu wote: jembe, moto, watu. Alipofika hakuligeuza jembe. Aliliokota tu mbele ya wote, akalipangusa kwa shuka lake, na kwa kitendo kile akaubeba uongo wangu ukawa wake.

Afisa alirudi kama nilivyotamani. Alinisimamisha mbele ya kijiji kipya, akasema huyu ni mfano wa kuigwa, ameshinda ujinga katika nyumba yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Baba alikuwa benchi la mbele, naye alipiga makofi. Hilo ndilo nisiloweza kulisimulia kwa wajukuu wangu bila kutoka nje kwanza.

Sitasema kijiji kilikuwa kibaya chote. Zahanati ilikuja kweli, ikamfaa mama. Darasa langu lilijaa mpaka watoto wakaketi dirishani. Mimi leo napenda mambo ya zamani kupita kiasi, wajukuu wananitania kwamba ningeweza kugombana na tochi, lakini watoto wale walisoma na siwezi kuwafuta kwa ajili ya hasira zangu. Ninachosema ni kidogo tu. Taifa nililokuwa nikilifundisha ubaoni lilihitaji watu wanaojua walikosimama, na mimi nilianza kazi ya kulijenga kwa kuwadanganya watu hao mahali wanaposimama. Baba, ambaye hakusoma, aliliona hilo siku ya mkutano. Mimi mwenye cheti nikalitafsiri kuwa habari za afya.

Kila mvua zilipokaribia, watu walimwendea baba. "Lini, mzee?" Naye alijibu, "Bado." Udongo wa barabarani ulichoka upesi. Kule juu ngedere walimaliza migomba ya mjane, na miti iliota ndani ya nyumba. Watu waliyaona hayo, na bado waliuliza, kwa sababu jembe lilikuwa limesema. Sijawahi kumsikia akitoa jibu jingine, na kila aliposema neno lile hakunitazama. Ningependa angenitazama japo mara moja, kwa ukali.

Alifariki kuelekea mwisho wa miaka ile ya sabini, akazikwa nyuma ya nyumba, ndani ya kiwanja chake kilichonyooka. Hakuacha mtoto wa kiume, na jembe likabaki kwangu, chini ya kitanda, pamoja na madaftari.

Matanga yalipokwisha mjane alikuja. Alikuwa amechakaa, mgongo umeinama. Alijitwika mtungi wa pombe ya ndizi, akaupitisha mbele za watu hadi mlangoni kwangu, akautua. Ndizi za pombe ile alizinunua, maana yeye hakuwa na mgomba hata mmoja. Tangu tuhamie pale alipanda maharage, msimu baada ya msimu.

Tuliamkiana kwa Kiha, kwa utaratibu wote, tukipigiana makofi ya heshima. Kisha akasema, "Jembe sasa liko kwako, mwalimu."

"Liko kwangu, mama."

"Mimi nchi ya kwanza nilifukuzwa. Hii ya pili nilipewa, na nikaifuata hadi hapa kwa hiari yangu, kwa sababu niliona makali yanatazama wapi. Sasa nimezeeka. Sitaki mengi. Nataka uniambie mwaka huu nipande mgomba au nipande maharage."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo tangu tuhame. Maneno niliyajua yote, kwa Kiha na kwa Kiswahili kisicho na harufu. Ilikuwa ni kusema tu: panda mgomba, mama, hakukuwa na ahadi yoyote ya kurudi, jembe nililiiba mimi. Angekula ndizi zake mwenyewe kabla ya kufa. Nilimtazama akingoja, mikono yake juu ya mtungi, na nikaona kwamba nikisema hivyo atajua pia kwamba baba yangu alimwambia "vizuri" kule njiani huku akijua kwamba si yeye aliyelilaza jembe.

"Bado, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la kutosha. "Basi maharage," akasema, akanyanyuka kwenda kuchagua mbegu.