Kijiko cha Pili

Asubuhi ile mke wangu alinikuta na misumari mdomoni.

Nilikuwa kwenye benchi langu mlangoni, nashindilia kisigino cha kiatu cha mwalimu. Mwalimu mwenyewe kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, kengele ya shule imeshalia. Mke wangu akatoka jikoni na kisahani. Juu yake vipande vyeupe, vyembamba, karibu uone mwanga upande wa pili. Akakiweka kando ya kopo la gundi.

"Kijiko cha pili," akasema.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha mwalimu kwa nyundo. Maana yangu: baadaye.

"Usikiache sana. Kitatoa maji."

Akachukua kikapu, akaenda sokoni. Hakugeuka. Hakuwa mtu wa kugeuka. Alitembea siku zote kama aliyeacha sufuria motoni, hata siku ambayo jiko limezimwa.

Saa nne muuza mboga akatuma mtu. Mke wangu alikuwa ameanguka mbele ya meza yake. Nilifika hospitali na msumari mmoja bado uko shavuni. Daktari akasema ni moyo, akasema hakuteseka. Niliporudi nyumbani wanawake wa uani walikuwa wameshafagia, wameosha kila chombo. Kisahani kimeinamishwa kwenye kichanja, kikavu, kinang'aa.

Sikuonja.

Hilo ndilo linaloniwasha. Miezi miwili sasa sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilisimamia nini. Naingia jikoni, natoka. Nashika kiatu cha mtu, naweka, nashika kingine. Watu wanasema ni majonzi. Ni majonzi, sikatai. Lakini pia ni kijiko.

Nieleze habari ya vijiko, maana asiyeijua ataniona nimechanganyikiwa.

Mke wangu alikuwa mpishi wa kiwanda cha nguo. Miaka ishirini na mbili, watu mia mbili kila mchana. Jumatatu maharage, Jumanne kabichi, Jumatano maharage, Alhamisi kabichi. Ijumaa wanachanganya, wanaiita sherehe. Orodha ilibandikwa ukutani kabla hajaajiriwa, na alipostaafu aliiacha palepale, imekuwa rangi ya chai. Alirudi nyumbani siku hiyo na mwiko wake begani kama mtu anayetoka kulima. Akasimama mlangoni kwangu.

"Mzee, sikiliza. Kabichi haivuki kizingiti hiki. Na humu ndani sipiki kitu kimoja mara mbili."

Nikasema sawa. Nilidhani ni hasira za siku moja.

Haikuwa ya siku moja. Alianza kuleta vitu. Akiona kitu sokoni hakijui, mkono unamwasha. Alimsumbua muuza mboga mpaka yule naye akawa anamtafutia, vile vinavyobaki kwenye magunia ya mahoteli, visivyo na mnunuzi. Majina hawakuyajua, wote wawili. Kwa hiyo alivipa yake. Brokoli aliiita Msitu wa Sisimizi. Bitiruti ilikuwa Mchinjaji, kwa sababu ya mikono yake ilivyokuwa baada ya kuimenya. Mapishi aliyaokota popote: kwenye redio, kwenye foleni ya kliniki, kwenye karatasi iliyofungia sabuni. Binti yetu ndiye aliyemsomea. Mke wangu naye alibishana na karatasi kama vile imekaa hapo kwenye kigoda.

"Inasema chumvi kijiko kimoja. Kijiko gani? Cha chai? Cha kuchotea uji? Aliyeandika hana adabu."

Kitu kigeni alikijaribu kwa utaratibu. Kwanza anakigusisha mdomoni, anangoja muda wa mimi kushona kiatu kimoja. Mdomo usipowasha, anapika kidogo, anaonja. Hicho ni kijiko cha kwanza, cha mpishi. Alisema mpishi akifa, afe peke yake. Cha pili changu. Cha tatu cha jirani wa ng'ambo ya ua, fundi nguo, tunayemwita Mama Cherehani. Na mpangilio haukurukwa. Mama Cherehani hata angeona sufuria imefunuliwa, harufu imemfika, alikaa na kijiko chake mkononi akingoja niseme.

Ila mimi sisemi. Mdomo wangu wa kazini umejaa misumari, na hata usipojaa si mwepesi. Basi tulipatana nigonge. Nina chuma chenye umbo la mguu, ndicho ninachovalisha viatu. Nikigonga moja, mwaga. Mbili, kinalika. Tatu, rudia, pika tena. Sauti inafika jikoni, inafika ng'ambo ya ua.

Moja niligonga mara nyingi, na hakununa. Kuna lile tango lenye chunusi, chungu kama dawa. Aliligonganisha na siku binti yetu alipomleta kijana wake mara ya kwanza. Niligonga moja, nikangoja, nikagonga tena moja, kwa msisitizo. Lakini wageni walikuwa wameshakaa, na chakula kingine hakipo. Kijana akala. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola. Akasema, "Tamu, mama."

Mke wangu akanivuta jikoni kumsengenya. "Mwongo yule. Lakini mwongo mwenye adabu. Mpe binti."

Tukampa. Wana watoto watatu.

Mbili niligonga karibu kila siku. Tatu sikugonga.

Hapa ndipo penye uzito. Si kwamba hapakuwa na kitu cha tatu. Vilikuwepo. Bilinganya aliyoichoma nzima kwenye makaa, akaiponda na kitunguu na ndimu, ile niliifuta sahani kwa kidole, nikijificha nyuma ya mlango. Majani ya ile Mchinjaji, ambayo wengine wanatupa, akayakaanga mpaka yakalainika. Mkono ulishanyanyua nyundo mara ya tatu. Nikaushusha polepole. Maana tatu ni kurudia, na mimi nilimwona alivyorudi na mwiko begani. Nilimwona miaka yote ile akiamka kwenda kupika maharage yaleyale. Nikajiambia, mtu kama huyu humwambii rudia. Mwache aende mbele. Mbili zinamtosha.

Sikumwambia sababu. Nilidhani anajua.

Basi ikaja Ngumi.

Muuza mboga alimpa bure. Kitu cha kijani hafifu, kimeviringika kama ngumi ya mtoto, mikono ya majani imekitoka kila upande. Si tunda, si mzizi. Mke wangu alikigeuza siku nzima. Akakichemsha. Mvuke ulipopanda nikasikia mfuniko umedondoka sakafuni.

"Hii harufu naijua!" akapiga kelele. "Mzee! Huyu ni kabichi! Kajificha!"

Nilicheka mpaka karibu nimeze msumari. Mama Cherehani akaja mbio, akamkuta kashika kiuno, anaikodolea macho sufuria.

"Kipya kinyemi," Mama Cherehani akamwambia, "kingawa kidonda. Ulisema kabichi haivuki kizingiti. Umeibeba mwenyewe kwenye kikapu, umeipa na jina."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mke wangu kashindwa na mboga. Hakuimwaga. Kesho yake akaikaanga, harufu ikawa ileile. Niligonga moja. Akasema haidhuru, mimi na huyu tutajuana. Zikapita siku mbili. Alikuwa haketi, anaingia anatoka, kama nilivyo mimi leo. Halafu asubuhi ile akaja na kisahani.

Na mimi nikanyoosha nyundo kwa mwalimu.

Baada ya arobaini nilikwenda sokoni. Muuza mboga aliponiona akafunika uso kwa kanga. Nikamngoja.

"Siku ile alitaka nini?" nikamwuliza.

"Ndimu, babu. Alisema za ndani amezimaliza. Alikuwa ameshika moja."

"Ngumi unazo?"

"Haziji kila wiki. Nitakutafutia."

Nikarudi. Ndimu, basi. Nikamwuliza binti yangu alipoleta chakula. Anakileta kwenye hotpoti, anakaa mpaka nimalize, kama mlinzi.

"Baba, kula kwanza."

"Mama yako alikwambia nini kuhusu ile Ngumi?"

"Ndiyo maswali gani hayo, baba?"

"Alikwambia nini?"

Akafikiri. "Kwenye simu, usiku wa kuamkia ile siku, alisema shida yake ni moto. Kwamba asiioneshe moto kabisa. Nikamwambia mama, pumzika. Akacheka."

Bila moto. Ndimu. Chumvi lazima ilikuwepo, maana alisema kitatoa maji. Na vipande vile vilikuwa na madoa meusi, nayakumbuka, kama vumbi la makaa. Pilipili manga. Nikaanza kuipanga kichwani kama kiatu kilichokuja kimeraruka: soli hii, uzi huu, hapa palikuwa na nini.

Kilichonisumbua ni hiki: hata nikipatia, nitajuaje? Sikuonja ya kwake. Hakuna aliyeonja. Kijiko cha kwanza alikwenda nacho.

Wiki tatu Ngumi hazikuja. Nilikwenda sokoni kila asubuhi, hata siku nilizoambiwa nisije. Juzi muuza mboga akaniona kwa mbali, akanyanyua mikono yote miwili, kila mkono una Ngumi moja, kama bondia.

Nilimenya. Ganda lake gumu, linatoka na nyuzi. Kisu cha jikoni kikanikatia vipande vinene kama soli. Nikavila hivyohivyo: ni kutafuna kamba. Nikamaliza ya kwanza yote kwa kuharibu. Ikabaki moja. Nikaizunguka kama yeye alivyoizunguka. Halafu nikakumbuka kisu changu cha ngozi.

Kile nakinoa kila siku. Kinanyoa ngozi mpaka inakuwa kama karatasi. Nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili. Nikakinusa, bado gundi. Nikakiosha kwa ndimu. Nikaweka Ngumi juu ya ubao, nikainyoa kama ninavyonyoa ukingo wa ngozi, mkono umelala, pumzi nimebana. Vipande vikaanguka vyeupe, vyembamba. Nikainua kimoja dirishani. Mwanga ukapita.

Ndivyo vilivyokuwa. Vilikuwa hivi hasa.

Chumvi. Ndimu. Pilipili manga. Nikaviweka kwenye kisahani kilekile. Nikakichukua mpaka kwenye benchi, nikakiweka kando ya kopo la gundi, nikakaa. Mteja mmoja alikuja na ndara, nikamwambia kesho.

Nikaonja.

Kilivunjika mdomoni kama tawi bichi. Ndimu ikaja kwanza, chumvi, kisha nyuma kabisa utamu mdogo, wa maji ya mvua. Kabichi haikuwepo. Hata kivuli chake. Nilikaa nacho mdomoni mpaka kikaisha chenyewe.

Nikachukua nyundo. Nikagonga moja. Nikagonga mbili. Mkono ukasita palepale unaposita siku zote. Nikagonga ya tatu.

Cherehani ng'ambo ya ua ikanyamaza.

Mama Cherehani akatoka na nyuzi shingoni. Mkononi ana kijiko. Alikuja anakimbia, na yeye si mtu wa kukimbia, magoti yake mabovu.

"Shemeji! Tatu? Nimesikia vizuri, tatu?"

"Tatu."

Akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akachota, akatafuna kafumba macho. Machozi yakawa yanamtoka na bado anatafuna.

"Ndiyo yenyewe?" nikamwuliza.

"Nitajuaje? Yangu ilikuwa bado. Ulikuwa hujagonga." Akachota tena. "Lakini alikuja kwangu asubuhi ile, akipita kwenda sokoni. Nikamwonyesha kijiko, nikamwambia nipe changu. Akanikatalia."

"Hukuniambia kama alipita kwako."

"Uliniuliza lini? Tangu tumzike unapita hapa kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Salamu yenyewe unaitikia umeshafika getini."

Ni kweli. Halafu nikamwambia, sijui kwa nini, yale ambayo sikuyasema kwa mtu. Kwamba tatu nilikuwa nazo. Kwamba nilizibana makusudi, kwa kumwonea huruma, kwa sababu tatu ni kurudia, na yeye kurudia kulimmaliza kiwandani.

Mama Cherehani aliacha kutafuna. Aliniangalia kama ninavyoangalia kiatu kilichoshonwa kushoto kulia.

"Ah, shemeji," akasema. "Wanaume nyie. Sasa nisikilize, nikupe maneno yake kama alivyoyasema, siongezi sipunguzi. Alisimama hapo kwenye kamba ya nguo, kikapu mkononi. Nilimtania, nikamwambia mwenzangu, huyo mzee wako nyundo yake inajua kuhesabu mpaka mbili tu. Akacheka. Halafu akasema:

'Kiwandani nilirudia miaka ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nirudie. Huyu mzee wangu anigongee tatu leo, nitampikia hiki kila siku mpaka ahame nyumba.'"