Kadena Mlangoni kwa Watu

Munyororo wa kufungia baiskeli una uzito wake, na siku unapokabidhiwa hakuna anayekuambia utaubeba wapi. Mimi nilikabidhiwa na muganga mukubwa wa kituo chetu cha afya hapa Kalemie, pamoja na baiskeli yenyewe, kinga kama tunavyosema huku, na kufuli nene, kadena. Akaniambia mambo mawili tu. Kinga ikipotea, kazi yako imekwisha. Na popote utakaposimama, hata kama ni kusalimia tu, funga. Nikaitika ndiyo Papa, ndiyo Papa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepona, na mtu aliyetoka kupona huitikia kila kitu.

Kupona ninakosema ni kupona kifua kikuu. Nilimeza vidonge miezi na miezi, nikatapika, nikakonda mpaka shemeji yangu akawa ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Nilipopata nafuu wakanichukua niwe ninawazungukia wagonjwa wengine majumbani, niwapelekee dawa, niwaone kwa macho yangu wakizimeza. Kidonge ambacho sikukiona kikishuka, hicho hatukihesabu. Watu wanavificha chini ya ulimi halafu wanavitema nyuma ya nyumba. Najua, maana na mimi nilivitema.

Mwanzoni nilikuwa na mfuko. Ulikuwa mfuko mzuri, wa kuvaa mgongoni, una alama ya kituo. Mama mmoja anayeuza ndagala karibu na bandari ndiye aliyenivua ule mfuko. Hakupiga kelele. Aliniambia taratibu kwamba nikirudi nao tena nisifike kwake, kwa sababu ukionekana mlangoni mtaa mzima unajua ndani kuna kifua, na nani atanunua samaki kwa mtu anayekohoa? Nikajaribu kikapu, wakauliza kikapu kina nini. Mwishowe nikaacha kubeba kitu chochote. Vidonge nikavifunga kwenye pindo la kitenge, pale wanawake wenzangu wanapofunga pesa, nikawa napita mtaani kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu. Kwa vidonge mambo yakawa mazuri. Lakini munyororo hauingii kwenye pindo la kitenge.

Niliuzungusha chini ya kiti. Ukalegea kwenye mteremko, ncha ikaingia kwenye gurudumu, nikatupwa mbele ya soko, kitenge huku, kiatu kule. Watu walinipa pole huku wanacheka, na mimi ningekuwa wao ningecheka. Nikaufunga nyuma, kwenye karie, kwa mpira. Siku moja niliingia dukani kwa muda mfupi tu kuomba chumvi, sikuufungua, uvivu. Nilipotoka, mtu alikuwa amefungua mpira taratibu akaondoka na munyororo na kadena yake, baiskeli akaiacha imesimama. Wezi wa mji huu wana mambo yao, jamani. Muganga mukubwa aliniangalia kana kwamba nimeula, halafu akaniambia nitafute mwingine.

Ule wa pili niliuvaa shingoni. Mama yangu mzazi aliponiona akasema toa hicho kitu, watu watadhani umeingia kanisa la manabii. Basi nikauvaa kimshazari, kutoka bega la kushoto mpaka nyonga ya kulia, kadena ikining'inia ubavuni, kama vile shemasi anavyovaa stola yake kanisani. Na hapo ndipo mtaa ulipoanza kuniita Shemasi. Jina hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni bega. Grisi iliniharibia blauzi zote, jua la kiangazi likiupata ule munyororo ulikuwa unachoma, na kila shimo la barabara kadena ilinigonga mbavuni, ubavu uleule wenye pafu bovu. Nikifika nyumbani jioni nilikuwa na mstari mwekundu kifuani. Nilikuwa nimechoka. Nasema wazi, nilikuwa nimechoka kabla ya kuanza, na asubuhi nilikuwa nauvaa tena.

Sasa, katika mji, ukifunga baiskeli yako kwenye nguzo hakuna anayekuuliza. Kila mtu anafunga. Lakini nyumbani kwa mtu ni jambo jingine. Kwetu mgeni akifika, kinga inaegemezwa ukutani na mwenye nyumba ndiye mlinzi wake. Hata kama ni maskini wa mwisho, kitu cha mgeni kiko mikononi mwake. Ukitoa kadena ukafunga pale pale mlangoni, mbele ya macho yake, umemtukana bila kufungua mdomo. Wagonjwa wangu wa mjini walinivumilia, wengine kwa kuguna. Kama ningekuwa na mfuko, angalau ule munyororo ungefika umejificha. Mimi nilifika nimeuvaa, watu wanauona tangu mbali.

Katanika, nje kidogo ya mji, ndiko nilikokutana na mzee ninayemwita Papa. Nasema Papa kwa sababu ndivyo nilivyomwita mpaka mwisho. Alikuwa mkulima wa upande wa Nyunzu, alikimbia vita pamoja na binti yake, wakajengewa kibanda cha turubai pale kwenye eneo la waliokimbia. Alikuwa na kifua, kile kibaya, na jina lake lilikuwa jipya kwenye mzunguko wangu. Siku ya kwanza nilifika nimelowa jasho, vumbi mpaka kwenye meno. Sikufikiri kitu. Nilivua munyororo, nikaupitisha kwenye gurudumu na kwenye mti ulioshika kibanda chake, nikabonyeza kadena. Yeye alikuwa anainuka kunipokea. Akakaa tena.

"Mama," akasema, "hii kinga unaifungia nani?"

Nikamweleza kwamba si yangu, ni ya kituo, ni amri. Alisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Halafu akanyoosha mkono polepole, akanionyesha binti yake, akanionyesha jirani aliyekuwa anapepeta mahindi, na mwingine, na mwingine.

"Bale bote ni bantu yangu. Mwizi njo nani?"

Majirani walisikia. Yule wa mahindi aliacha kupepeta. Papa akamwambia binti yake anipe maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni, halafu akasema dawa atameza baadaye. Nikamwambia hakuna baadaye, lazima nione. Akageukia ukuta wa turubai.

Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata, nikarudi na vidonge vyangu kwenye pindo. Siku moja anameza, siku tatu anakataa. Binti yake alimsihi, akanisihi na mimi. Siku moja Papa alinisimulia kwamba kule kijijini alikuwa na kinga yake, iliegemea ukuta wa nje masika na kiangazi, na hakuna mkono ulioigusa. Walioichukua ni watu wa bunduki, siku ile ya kukimbia. Nikasema labda ungeifunga. Akacheka mpaka akakohoa, akasema wale wangeivunja kadena pamoja na kichwa chake.

Nilimkasirikia mzee yule, sitaficha. Nilikuwa naisukuma baiskeli kwenye mchanga wa Katanika nikimtukana moyoni, kichwa kigumu, unataka kufa kwa sababu ya kadena. Maana nilijua kinachokuja. Mtu anayemeza leo na kuacha kesho, ugonjwa unamzoea, na ukirudi hausikii tena dawa hizi. Nimewaona. Papa alikuwa anataka kitu kimoja, kumaliza vidonge arudi Nyunzu kwenye shamba lake akiwa na nguvu za kushika jembe, na kila siku aliyokataa ilikuwa inamlia shamba hilo. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu kwamba anajua.

Nikaenda kwa muganga mukubwa kumwomba ruhusa nisifunge pale kwa Papa tu. Hakukasirika. Naye alikuwa mtu aliyechoka, shati lake lilikuwa limelowa mgongoni kama langu. Akasema baiskeli ikipotea Katanika, wagonjwa wengine wote ninaowazungukia watamezeshwa na nani? Nikaanza kuuficha munyororo, nikauzungusha kiunoni chini ya kitenge. Papa aliusikia kabla sijafika.

"Karibu, Mama," akasema. "Na huyo askari wako wa kiunoni, karibu."

Binti yake alificha uso kwa kucheka. Mimi sikucheka siku ile.

Jambo lenyewe lilibadilika bila akili yangu. Kulikuwa na upepo wa ziwa, vumbi lilikuwa limenishika kifua, na nilipofika kwenye kibanda nilikuwa nakohoa mwenyewe kiasi kwamba sikuweza kuinua mkono kuvua ule munyororo. Niliona nitaanguka. Papa alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, nishikie."

Akaja akashika usukani. Nikakaa chini, palepale kwenye mchanga. Hakuiachia baiskeli wakati binti yake ananiletea maji, hakuiachia wakati nakunywa. Nilipopata pumzi nikafungua pindo, nikampa vidonge. Alivimeza mkono mmoja ukiwa juu ya kiti cha baiskeli, halafu, bila kuambiwa, akafungua mdomo akainua ulimi nione.

Tangu siku hiyo sikufunga tena kwa Papa. Nilikuwa nikifika anatoka, ananipokea baiskeli mikononi, anaipeleka kivulini, anaifuta vumbi kwa kipande cha nguo. Mimi nakaa na munyororo wangu begani, sina pa kuuweka, nimeuzoea. Kila mtoto aliyepita karibu na ile baiskeli nilimfuata kwa macho. Muganga mukubwa sikumwambia, na nilikuwa naogopa siku atakayojua. Lakini Papa alimeza kila siku, na sikuwa na nguvu za kutafuta njia nyingine.

Akapata nafuu. Jamani, alipata nafuu kweli. Kikohozi kilipungua, mashavu yakajaa kidogo, akapanda matembele nyuma ya kibanda. Akaanza kunitania kwamba breki zangu zimekufa kabla yake, akazikaza kwa koleo aliloazima. Akaniuliza wakati wa kurudi Nyunzu ukifika kama nitamkopesha kinga afike nayo mpaka shambani. Nikasema kinga ya kituo haiendi Nyunzu. Akasema basi tutaiba, wewe na mimi.

Mvua zilipoanza, kikohozi kikarudi. Mara ya kwanza nilijiambia ni baridi, chini ya turubai nani hakohoi. Halafu binti yake akanionyesha kitambaa chenye damu. Muganga mukubwa akapeleka makohozi yapimwe, majibu yakaja, akaniita pembeni. Vidonge vile havikuwa vinamshika tena. Zile siku za mwanzo, alizokataa, ugonjwa ulizitumia vizuri. Kulikuwa na dawa nyingine, zimeagizwa, zinasubiriwa. Nikamuuliza zinasubiriwa mpaka lini. Akakunja ile karatasi ya majibu akaitia mfukoni, na mimi nikatoka nje nikavaa munyororo wangu.

Tukaendelea, maana tungefanya nini. Nilifika kila siku kama kawaida, na kila siku Papa alitoka kunipokea baiskeli, kwanza kwa miguu yake, baadaye kwa fimbo, baadaye alikaa kwenye kigoda mlangoni na mimi naisogeza mpaka mkono wake ufike kwenye gurudumu. Nilimwambia aache. Jirani yule wa mahindi alijitolea kuishika. Papa alikataa, akasema mgeni ni wake. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa aliifunga kwa uzi isianguke, na bado alikuwa ananiuliza kama barabara ya Nyunzu imefunguliwa.

Asubuhi moja niliwakuta wamemlaza mlangoni juu ya mkeka, kichwa kimeelekezwa nje. Mvua ilikuwa imekatika, maji yalikuwa yanadondoka kwenye turubai. Niliegemeza baiskeli kwenye mti wa kibanda, karibu na mkono wake, nikapiga magoti kufungua pindo. Mkono haukuinuka. Nikaona ameangalia bega langu.

"Mama," akasema, "leo funga."

Nilijifanya sikusikia. Nikaendelea kufungua pindo, na fundo likanishinda. Akarudia. Nikamwambia Papa, hapa hakuna mwizi, wewe mwenyewe uko hapa.

"Niko," akasema. "Lakini siwezi tena kumukimbiza muntu. Funga."

Binti yake aliinuka akaenda nyuma, kwenye matembele. Nilivua munyororo. Nilikuwa nimeuvaa na kuuvua mara nyingi sana, na siku hiyo ulinasa kwenye nywele, ukanasa kwenye blauzi, sijui nilikuwa nafanya nini. Nikaupitisha kwenye gurudumu, nikauzungusha kwenye mti. Nilitaka kuishia hapo, niuache umening'inia tu, lakini Papa alikuwa ananiangalia mikono. Basi nikabonyeza kadena, nikaivuta mara mbili mbele yake, aone kwamba imeshika.