Maji Tuliyomwagia Jiwe la Korintho

Kitu cha kunishangaza mimi bado hakijaumbwa. Nasema hivyo bila kujipiga kifua, ingawa kifua cha kupiga ninacho. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akabeba mabomba mpaka bega likaota sugu, na leo ana maduka matatu ya mabomba na matangi, moja Embu mjini, moja Siakago, moja Meru pale Majengo jirani na wauza nyama, mtu huyo ataona nini kipya duniani? Lori langu la kwanza lilichukuliwa na mto Thuci nikilitazama, nami nikarudi kando ya barabara nikaagiza chai. Lakini ipo harufu moja inayonishinda nguvu. Ni harufu ya jiwe lenye moto likimwagiwa maji: kama mvua ya kwanza iliyochanganywa na jivu na chuma. Nikiipata harufu hiyo, pua ikafunguka, maduka yote matatu yanapotea, nabaki mtoto wa miaka tisa, miguu mitupu, chini ya kilima cha Kiang'ombe, mwaka ule wa mahindi ya manjano.

Waliokula mahindi yale hawahitaji kuelezwa. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yetu meupe yakafia shambani yakiwa urefu wa goti, serikali ikaleta ya manjano kutoka ng'ambo, magumu, yenye harufu ya gunia. Hata hivyo chakula hakikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa maji. Kule kwetu Mbeere mto ulikuwa umebaki mchanga, na akina mama walichimba mchanga huo kwa mikono mpaka maji yakajitokeza kidogo kidogo, ukikaa unayasubiri kama mtu anayesubiri mkubwa ofisini. Mama yangu alitoka jogoo la kwanza akarudi jua limeshapanda, mtungi mgongoni, umeshikwa na ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Ukanda huo tuliuita mukwa. Alikuwa ameubeba tangu usichana, na ulikuwa umemchimba paji la uso, mfereji mwembamba kutoka sikio hadi sikio. Usiku nililala karibu naye nikipitisha kidole katika mfereji ule, nikidhani kwamba kila mama duniani huzaliwa nao. Baba alikuwa kibarua Mwea kwenye mpunga, alikuja mwisho wa mwezi, akaleta mchele na habari.

Ndipo ikaja harambee ya maji. Kulikuwa na chemchemi juu kilimani, na mabomba ya chuma yalikuwa yamepatikana, yamelala kanisani yamepangwa kama mabenchi. Kazi iliyobaki ni mtaro wa kuyalaza, na mtaro ulikuwa wetu kuchimba. Mzee Njeru, mzee wa kanisa aliyesimamia kazi, aliwagawa watu katika vikundi, akavipa majina ya barua za Paulo. Waliokaa juu wakaitwa Efeso. Waliokaa kando ya barabara, wenye nyumba za mabati, wakaitwa Filipi. Upande wetu, mabondeni, tukaitwa Korintho, na hata mtoto alijua kwa nini. Wakorintho wa Biblia walikuwa watu wa magomvi, na wanawake wa upande wetu walikuwa hawajawahi kumaliza mkutano mmoja bila kutupiana maneno. Vita kuu ilikuwa kati ya mama yangu na Ciarunji, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mwanamke mrefu mwenye ulimi unaokata kama panga jipya. Mbuzi wake alikuwa amekula kunde zetu. Ciarunji alisema mbuzi si askari, hajui mpaka. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa kukohoa.

Sheria ya mtaro ilikuwa moja. Kila mama alipewa kipande chake, na siku fundi akifika kulaza mabomba, kikundi ambacho mtaro wake una pengo kinarukwa. Bomba litapinda lipite kwa Filipi, na mabondeni wataendelea kuchimba mchanga. Korintho tulichimba vizuri, kwa magomvi lakini vizuri, mpaka mama yangu alipofika katikati ya kipande chake, sururu ikalia kama kengele. Jiwe. Si jiwe la kuviringisha. Lilikuwa mgongo wa dunia, limelala kukatiza mtaro mzima, jeusi, laini kama ngozi ya kiboko. Wanaume wachache waliokuwepo wakajaribu mtaimbo, ukaruka ukataka kumvunja mmoja meno. Watu wa Filipi wakaja kutazama, mikono nyuma. Mmoja akasema, "Mama Ireri, Paulo angewaandikia barua ya tatu." Mama akainama kuokota sururu. Ireri ni mimi, na nilitamani kumrushia huyo mtu mchanga wa macho.

Aliyetoa dawa ni nyanya yangu, aliyekuwa haoni vizuri lakini anakumbuka kila kitu. Alisema zamani jiwe la namna hiyo lilichomwa moto mpaka likawa kama chungu jikoni, kisha likamwagiwa maji baridi kwa mara moja, nalo lenyewe likaachia. Moto si taabu, kuni zilikuwepo, miti yote ilikuwa imekauka. Lakini maji! Mtungi mmoja haungefanya kitu ila kutoa mvuke. Ilihitajika mitungi mingi, imwagwe pamoja, na hiyo ni safari nzima ya alfajiri ya kila mwanamke, imwagwe juu ya jiwe, katika kiangazi ambacho watu waliogea kikombe. Mama akaenda nyumba hadi nyumba, nami nyuma yake. Hakuna aliyemtukana, hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi. Walimwambia, "Tutaona, mama," na macho yakaenda kwenye mtungi uliosimama pembeni, na mtoto mdogo anayelia karibu yake. Kwa Ciarunji hatukwenda. Tulipita tu, mama akakohoa.

Ilikuwa imebaki siku moja tu fundi afike. Alfajiri mama alienda mtoni kama kawaida, akarudi, akautua mtungi kando ya mtaro bila kutupatia hata tone la kunywa, akawasha moto juu ya jiwe. Tulichochea mpaka jua likaja utosini. Moshi ulipanda ukaonekana kote, na nadhani alitaka uonekane. Ulimi ulinikauka nikaanza kuutazama mtungi. Mama akaniambia, "Baba, usiuangalie. Hayo si maji tena, ni nyundo." Jiwe likaanza kutoa sauti ndogo, tik, tik, kama bati wakati wa joto. Mama akaondoa makaa kwa fimbo, akashika mtungi wake mmoja, na mimi niliona kwamba angeumwaga hivyo hivyo, peke yake, na kwamba hautatosha, na kwamba alijua.

Ciarunji alitokea upande wa korongo, mukwa kwenye paji la uso, mtungi mgongoni. Alikuja polepole, akautua, akajifuta jasho, akalitazama jiwe kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Mama Ireri," akasema, "ulitaka kumwaga kikombe hicho peke yako halafu Filipi watucheke hadi Krismasi?"

"Sikukuita," mama akajibu.

"Ungeniita ningekataa. Nimekuja mwenyewe. Na zile kunde bado sikulipi."

"Nani amezitaja kunde?"

"Umekohoa jana."

Nyuma yake wakaja wengine. Sijui kama walimfuata yeye au moshi, lakini walikuja, na mitungi, na madebe, msichana mmoja na sufuria aliyoifunika kwa sahani ili isimwagike njiani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nasema hata jiwe. Wakasimama pande zote mbili za mtaro, nyanya yangu akahesabu kwa sauti kama anayewafundisha watoto, na maji yakaenda yote kwa pamoja. Mvuke ulitufunika tusionane. Halafu ukasikika mlio mmoja mzito, wa chini, hata nyayo zikausikia. Mvuke ulipotoka jiwe lilikuwa na ufa wa kuingia mkono, na harufu ile niliyoisema imejaa kila mahali. Hakuna aliyeshangilia. Ciarunji alishika mtaimbo, akauingiza kwenye ufa, akamwambia mama, "Shika huko." Siku ile Korintho yote ililala bila maji, na kesho yake fundi alikuta mtaro uko wazi, hauna pengo.

Maji yalifika kwetu kabla mvua haijarudi. Mimi nilimfuata fundi huyo kama mkia, nikambebea vifaa, nikajifunza kukata nyuzi za kuungia mabomba, na shule ikanisahau nami nikaisahau. Mengine mnayajua, mabango yangu yako barabarani.

Sasa, juzi kanisa letu likapanga safari ya kwenda kuona miji ya Paulo kule Ugiriki. Mke wangu alitaka kwenda, na mimi si mtu wa kumwacha mke aone kitu nisichokiona. Tulifika Korintho asubuhi. Nguzo zilizosimama, nguzo zilizolala, mlima wa mawe nyuma yake, nyasi kavu kabisa kama za Mbeere mwezi wa tisa. Wenzangu wakapigana picha mahali Paulo aliposimamishwa kujibu mashtaka. Mimi nikatafuta maji. Mji hauwezi kuwa mji bila maji, hiyo ni elimu yangu ya darasa la tano. Nikaona mitaro yao, mabomba ya udongo, mabirika yaliyochongwa kwenye mwamba, na nikatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kisha nikafika kwenye kisima kimoja ambacho ukingo wake ni wa jiwe gumu, na jiwe lile lilikuwa na mifereji myembamba, mingi, laini. Nikamuuliza binti aliyetuongoza ni nani aliyeichonga. Akasema haikuchongwa. Ni kamba za wachota maji, miaka kwa miaka, zimelikata jiwe. Nikaweka kidole ndani ya mfereji mmoja. Nikakaa chini pale pale, suti na yote, mke wangu akadhani ni sukari imeshuka.

Nikampigia mama. Bado anakaa mabondeni, amekataa nyumba ya Embu mjini, nimemwekea ng'ombe wangu na tangi la lita elfu kumi linalojazwa na lori. Nikamwambia niko Korintho. Akauliza, "Watu wa huko siku hizi wanapata maji wapi?" Nikamwambia huko kwenye mji wa kale hakuna watu, mama, ni mawe tu, watu waliondoka. Akasema, "Basi ndivyo inavyoanza. Hapa bomba la Korintho lina mwaka wa pili halitoi. Kutu imelila. Ciarunji anachota kwa tangi langu, na wote wanachota. Kwani ulidhani ng'ombe wako ndio wanaomaliza lori?"

Mimi ninayeuza mabomba kutoka Meru hadi Embu sikuwa najua. Niliporudi nikaenda na fundi wangu, nikasema nitavuta bomba jipya mpaka kwa mama. Mama akaniangalia, mfereji wake wa paji la uso umezama zaidi kwa uzee, akasema bomba la nyumba moja hataki, lipite kwa wote waliomwaga maji siku ile, na kwa watoto wao, au nilirudishe dukani. Ciarunji, aliyekuwa ameketi kando na fimbo yake, akaongeza kwamba kwake nisiweke mfereji wa kufungulia maji wa bei rahisi, anawajua wenye maduka.

Leo mabondeni hakuna msichana anayejua kufunga mukwa, na mapaji yao ya uso ni laini kama yai. Watoto wanafungua maji, wananawa, wanafunga, wanakwenda shule, hawafikirii lolote, na mimi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wakorintho wa kule waliacha mawe. Wa kwetu bado wapo, wanagombana, wanakunywa. Tiketi za ndege nazihesabu kama starehe ya mke wangu. Ila Korintho yenyewe, yaani bomba la plastiki, viungo, mifereji ya shaba kama alivyoagiza Ciarunji, na vibarua wa mtaro, ilinigharimu shilingi laki nne, thelathini na moja elfu, mia sita na hamsini.