Jogoo wa Mnadani

Kanisani kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Usa River, asiye na fedha hutoa sadaka ya mayai, ndizi au kuku. Ibada ikiisha tunasimama duara pale nje na vitu vinapigwa mnada. Ukinunua, unaweza kumzawadia mtu mbele ya wote, naye hakatai, maana ni kitu kilichotoka madhabahuni. Niliipenda desturi hiyo tangu utotoni, mpaka Jumapili niliyozawadiwa mimi.

Asubuhi hiyo aliyekuwa mchumba wangu alirudishwa kundini. Miaka minne nyuma, mahari imeshapokelewa na sendofu, sherehe ya kuniaga kwetu, imeshafanyika, alitoweka bila neno. Baadaye tukasikia yuko Nairobi na mwanamke mwingine. Sasa alisimama mbele, amekonda, akatubu kwa sauti. Mchungaji akauliza kama tunampokea. "Tunampokea!" Nami niliitikia, kwa mazoea tu.

Nje, mchumba huyo wa zamani akanunua jogoo mwekundu, akamwambia mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, "Mpe dada yule pale." Vigelegele! Jogoo, miguu imefungwa, akatua mikononi mwangu. Wanawake wakasogea kuona vizuri, nikakosa hata pa kupitisha kiwiko.

"Tabasamu basi, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Watu wanaangalia."

"Wanaangalia nini, Mama?"

"Mungu anavyojibu maombi."

Maombi yenyewe yalikuwa yake. Mimi sikuwa nimeomba kitu.

Njia niliyoiona ilikuwa moja. Aliyezawadiwa anaruhusiwa kukirudisha kitu kinadiwe upya, sadaka iongezeke. "Narudisha mnadani," nikasema. Yuleyule akamnunua tena, akaagiza niletewe tena. Watu wakacheka hadi machozi, wakidhani tunataniana. "Hawa wawili watatumalizia jengo la kanisa!" mzee akapaza sauti. Nilitamani kuwachapa wote, nikianza na kwaya. Nikimpokea jogoo, kesho washenga wako sebuleni kwetu. Nikimkataa, mimi ndiye mwenye roho mbaya, niliyeitikia "tunampokea" asubuhi na kumtupa mtu mchana.

Nikavuka duara, jogoo kwapani, nikamwendea mwenyewe. Vigelegele vikazidi. Nilipomkaribia nikasikia harufu ya sabuni yake, ileile ya zamani. Nilikuwa bado nampenda, sitaficha.

"Nimekusamehe," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Akafumba macho. "Asante. Sasa nije lini nyumbani, nimsalimie Mama?"

"Usije."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Na usije."

Akanitazama, akaelewa, akainamisha kichwa. Nyuma yetu kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa harusi.

Nilikuwa nimelitamka neno lile la kusamehe ili niachiwe nipite, basi. Lakini nilipoligeukia lile duara la nyuso zenye furaha, nikatafuta ndani yangu hasira ya miaka minne nisiione. Nilikuwa nimemsamehe kweli, na hapo ndipo nilipoumia. Ile hasira ndiyo iliyokuwa imembakiza kwangu. Kila asubuhi niliyoamka nikimchukia, kumbe nilikuwa namsubiri.

Nikamkabidhi mama yule jogoo, nikateremka kwa njia ya migombani, nikilia kwa sauti. Sikuwa tena na mtu wa kumsubiri.