Mkono wa Jemima Kwenye Kinywa cha Roboti

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Nyakasanza. Jemima anailaza roboti mezani, analowesha kitambaa na kuipangusa uso. Ina kichwa cheupe kisicho na nywele, macho yanayogeuka, na mwili wa kitoto usio na miguu. Mikono ni vigutu viwili tu. Mwandishi wa habari hii, asifiche, alisogeza kiti nyuma kidogo.

Kazi ya Jemima ni kuibeba roboti hiyo hadi kwenye misiba. Mtoto aliye Ulaya, asiyeweza kuja, huongea na kusikiliza kwa simu, na sauti yake hutokea kinywani mwa roboti huku midomo ikicheza. Mama mfiwa huikumbatia, akapata walau kitu cha kushika. Kwa msiba mmoja, kampuni ndogo ya mjini humlipa Jemima dola kumi.

"Wengine wananiita mulozi, muchawi," anasema. "Lakini mama akishalia juu yake, anatulia. Niliipenda hii kazi."

Anasema "niliipenda", kisha anainamisha kichwa.

Mwezi uliopita aliipeleka kwa Mama Elisabeth, mjane wa mtaa huohuo, kwenye msiba wa mumewe. Mwanawe Gaspard, aliye Ubelgiji, aliongea maneno mazuri hadi watu wakalia. Pasta akaanza sala. Gaspard akadhani amekata simu. Roboti ikiwa kifuani mwa mama yake, kinywa kikafunguka mbele ya wafiwa wote: "Wale watu hawamalizi. Na mpira unaanza." Kikacheka.

Jemima aliiziba kinywa kwa kiganja, kama mama anavyomziba mtoto kanisani. Midomo iliendelea kucheza chini ya mkono wake.

"Nilisikia inacheka mu mukono yangu. Gaspard iko mbali, hawakumuangalia yeye. Waliangalia miye. Aibu yote nilibaki nayo."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakuwahi kumbeba Gaspard.

Tangu siku ile Jemima alikuwa akipita nyuma ya soko ili asikutane na mjane. Jumapili iliyopita alishindwa kuvumilia, akaenda kuomba msamaha. Mama Elisabeth alimfungulia mlango naye akiwa ameinamisha uso.

"Mwanangu, na miye nilikuwa nakukimbia," mjane alimwambia. "Weye ulibeba mashini tu. Miye ndiye nilimuzala, nikamulea."

Wakakaa pamoja, wanawake wawili wakiona haya kwa ajili ya mwanamume asiyejua lolote. Hakuna aliyemwambia Gaspard. Yeye ametuma ujumbe wa kushukuru kwamba kila kitu kilienda vizuri.

Jumamosi ni siku ya kuondoa matanga, na Gaspard atapiga simu tena. Jemima alikuwa ameazimia kuacha kazi, lakini mjane ameomba roboti irudishwe, na yeye amekubali kuibeba.

"Mama alisema: umulete, umuweke mu magoti yangu, usimufunike kinywa. Ile siku siye tulimusikia. Sasa yeye anisikie."

Anaizungushia roboti kitenge, hadi shingoni.

"Nitamuweka, kisha nitatoka inje. Mama abaki na mutoto wake."